Wanakula Bata Baharini, Bendera ni ya Kukodi



Tuanze na bei. Desemba 2023 meli inayoitwa Serenade of the Seas iling'oa nanga Miami, Marekani, ikaenda kuzunguka dunia kwa usiku 274. Mabara yote saba, nchi zaidi ya 60, ikarudi Septemba 2024. Nafasi ya bei ya chini ilitangazwa kwa takriban dola 60,000 kwa kichwa. Kwa shilingi yetu hiyo ni kama milioni 150. Na kwa hela hiyo unapata chumba cha ndani, hakina hata dirisha. Ukitaka kuona bahari kutoka kitandani, ongeza.

Nusu ya mtandao ilihamia kwenye hiyo meli. Mlikuwepo, msijifanye hamkuona. Watu wanaamka, wanakunywa kahawa juu ya sitaha, mchana bwawa la kuogelea, jioni muziki, usiku wanaulizana kesho tunaamkia nchi gani. Marafiki wanakuwa kama ndugu. Kuna waliopanda wawili na kushuka kumi, kikundi kizima kina utani wake na meza yake ya chakula. Sisi hosteli tunalala sita kwenye chumba cha watu wanne, tunachangia bando, na tulizifuata hizo video kama tamthilia. Boom likichelewa, tunakula maharage huku tunaangalia mtu analalamika kwamba kamba aliyepikwa leo si mzuri kama wa jana.

Nisieleweke vibaya. Sipingi mtu kula bata. Mtu akifanya kazi maisha yake yote, akastaafu, akaamua yeye na mashoga zake wazunguke dunia, Mungu awape afya. Wivu wa kimaskini sio siasa, na chama hiki hakijaanzishwa kuwanunia matajiri. Ila mimi nasoma sheria, niko mwaka wa tatu, na kuna swali moja wametufundisha kuliuliza kila mahali tunapoingia: hapa sheria ni ya nani?

Basi niulize. Mle melini, katikati ya bahari, sheria ni ya nani?

Jibu liko nyuma ya meli, pale bendera inapopepea. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, unasema meli ikiwa bahari kuu iko chini ya mamlaka ya nchi ambayo bendera yake inaipeperusha. Ibara ya 91 inaongeza kwamba lazima kuwe na uhusiano wa kweli kati ya meli na nchi hiyo. Maneno mazuri. Sasa tuangalie vitendo.

Ile Serenade of the Seas inapeperusha bendera ya Bahamas. Kampuni inayoiendesha ina makao yake Miami, lakini kisheria imesajiliwa Liberia. Ndiyo, Liberia hii hii ya Afrika Magharibi. Mshindani wake mkubwa, Carnival, naye yuko Miami, na kwa miaka mingi alikuwa kasajiliwa Panama. Wa tatu, Norwegian, yuko Miami vilevile, kasajiliwa Bermuda. Majitu matatu, mji mmoja, na hakuna hata moja ambalo kisheria ni la Marekani.

Mnadhani wanapenda hali ya hewa ya Monrovia? Sheria ya kodi ya Marekani, kifungu cha 883, inazisamehe kodi ya mapato kampuni za meli za nchi ambazo nazo zinatoa msamaha kama huo kwa Wamarekani. Kwa hiyo ofisi iko Marekani, wateja wengi ni Wamarekani, tiketi zinauzwa kwa dola, lakini ikifika siku ya kodi, kampuni inakuwa ya Liberia. Ni kama yule mpangaji anayejiita mwenye nyumba akiona wageni, halafu siku ya kuchangia ulinzi shirikishi anasema yeye ni mpita njia tu.

Machi 2020, corona ilipofunga dunia, Bunge la Marekani lilipitisha mfuko mkubwa wa kuokoa makampuni. Kampuni za meli za kitalii hazikuingia, kwa sababu sheria ilitaka kampuni iwe imeundwa Marekani. Siku hiyo wakagundua kwamba ukikimbia uraia wakati wa kulipa, siku ya kula nayo unaweza kuukosa. Lakini msiwalilie, wao walienda sokoni wakakopa mabilioni. Wa kuwalilia walikuwa sitaha za chini.

Twendeni huko chini sasa, kule ambako kamera za mashoga hazifiki.

Anayetandika kitanda, anayekata matunda, anayesugua bwawa saa kumi alfajiri, kwa sehemu kubwa ametoka Ufilipino, Indonesia, India, na siku hizi Afrika pia. Anakaa melini miezi sita, minane, tisa. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, uliotungwa chini ya Shirika la Kazi Duniani na kuanza kutumika Agosti 2013, unaruhusu nchi iweke ukomo wa saa 14 za kazi ndani ya saa 24, na saa 72 ndani ya siku saba. Sasa chukua Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mfanyakazi wa nchi kavu saa zake za kawaida ni 45 kwa wiki. Hiyo 72 ndiyo kinga yenyewe ya kimataifa, jamani! Ndiyo haki ambayo watu waliipigania miaka mingi na wanashukuru ipo. Na ukihisi hata hiyo imevunjwa, wa kwanza kulalamikiwa ni nchi ya bendera. Mhudumu kutoka Manila, aliyeajiriwa na kampuni ya Miami iliyosajiliwa Liberia, akiwa karibu na pwani ya Chile, akamlilie nani huko Nassau?

Corona ilituonyesha jibu. Februari 2020 meli ya Diamond Princess ilizuiwa bandarini Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Bendera ya Uingereza, kampuni ya Kimarekani, maji ya Kijapani. Wanasheria wakawa wanajadili nani mwenye dhamana, na virusi havikusubiri wamalize. Watu zaidi ya 700 waliambukizwa. Abiria waliambiwa wajifungie vyumbani. Wafanyakazi? Wao waliambiwa wapeleke chakula milangoni, kisha warudi kulala wawili wawili kwenye vyumba vyao vidogo na kula kwenye bwalo moja. Mwaka huo huo mabaharia takriban 400,000 wa meli za kila aina walikwama baharini baada ya mikataba yao kuisha, kwa sababu kila nchi ilifunga mlango na nchi za bendera hazikuwa na ubavu wa kuwafungulia.

Hapo ndipo unaelewa maana ya bendera ya kukodi. Upande wa mwenye mali inapunguza gharama. Mfanyakazi anabaki mtu asiye na nchi mpaka mkataba wake uishe.

Najua kuna mtu anasema: dada, hayo ni ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini? Kaa hapo hapo. Yanatuhusu kwa sababu sisi wenyewe tumewahi kuwa wauza bendera.

Zanzibar ina daftari la usajili wa meli za kimataifa, chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini ya huko. Meli ya mtu yeyote, kutoka popote, inaweza kupata bendera ya Tanzania. Mwaka 2012 ikagundulika kwamba meli 36 za mafuta za Iran, nchi iliyokuwa chini ya vikwazo, zinapeperusha bendera yetu. Mbunge wa Marekani, Howard Berman, akamwandikia barua Rais Kikwete. Serikali ikahangaika, ikasema wakala aliyeko Dubai ndiye aliyezisajili, zikafutwa. Rudia hiyo sentensi taratibu: wakala aliyeko Dubai. Bendera iliyorithi ile aliyoipandisha Nyirenda kilele cha Kilimanjaro usiku wa uhuru ilikuwa inagawiwa ofisini kwa mtu Dubai, na wakubwa wetu wakawa wa mwisho kujua.

Tukajifunza? Januari 2018 Makamu wa Rais wa wakati ule, Mama Samia, ambaye leo ndiye Rais, akatangaza kufutwa kwa usajili wa meli mbili zenye bendera yetu. Moja ilikamatwa karibu na Jamhuri ya Dominika na zaidi ya tani moja na nusu ya dawa za kulevya. Nyingine ilikamatwa na Wagiriki, imebeba malighafi za milipuko, inaelekea Libya. Rais Magufuli akasimamisha usajili wa meli za nje na kuagiza meli zaidi ya 400 zichunguzwe.

Zaidi ya 400, makamanda. Taja tano. Hata moja. Huwezi, kwa sababu hujawahi kuambiwa. Orodha iko wapi? Ripoti ya uchunguzi iko wapi? Leo meli za nje zenye bendera yetu ni ngapi, wakala ni nani, mkataba wake unasemaje, ada inaingia mfuko gani? Hilo sio swali la Wazanzibari peke yao. Bendera ni ya Jamhuri ya Muungano, na ikikamatwa na milipuko Ugiriki, hakuna atakayeuliza kama ni ya Unguja au ya Mbeya.

Profesa mmoja atanikumbusha kwamba Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, kwenye kesi ya meli ya Saiga mwaka 1999, ilisema kukosekana kwa uhusiano wa kweli hakuzipi nchi nyingine ruhusa ya kuikataa bendera ya meli. Sawa mwalimu, nimeisoma. Lakini mahakama hiyo hiyo ilisema lengo la uhusiano huo ni kuhakikisha nchi ya bendera inatimiza wajibu wake. Kwa hiyo hoja yangu inabaki pale pale. Anayetoa bendera ana wajibu wa kukagua meli, kulinda mabaharia na kuchunguza ajali. Ukiigawa bendera kama vitambulisho vya wajasiriamali halafu ukalala, umevunja wajibu.

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, yuko Muheza. Ana cheti cha upishi, ana miaka 24, hana kazi. Mwaka jana akaona tangazo: wapishi na wahudumu wanatakiwa meli za kitalii, mshahara kwa dola. Akanipigia, sauti yote imejaa matumaini: "Dada, hii ikipita nimetoka." Wakala alitaka shilingi milioni mbili na laki nne. Usajili, mafunzo, "kufungua faili", visa. Mjomba akauza kipande cha shamba la michungwa. Hela ikalipwa kwa awamu mbili kwa simu. Baada ya hapo ikawa kesho, wiki ijayo, meli imechelewa, balozi hayupo. Mwisho namba haipatikani. Ofisi aliyoelekezwa tulipoenda tukakuta saluni. Kituo cha polisi tulichoripoti walitupa namba ya kumbukumbu na kutuambia turudi. Tumerudi mara nne.

Ule mkataba wa mabaharia wa 2006, Tanzania iliuridhia mwaka 2019. Na unasema, kwa lugha ambayo haihitaji wakili, kwamba baharia hatozwi ada yoyote ya kutafutiwa kazi, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Anaweza kulipia cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Basi. Hata visa ni ya mwenye meli. Na msidanganywe kwamba baharia ni yule anayeshika usukani tu: mkataba unasema ni mtu yeyote anayefanya kazi yoyote ndani ya meli. Mpishi yumo. Msafisha vyoo yumo. Mpiga gitaa wa ukumbini yumo. Zaidi ya hapo, unataka mawakala wawe na bima au kinga inayolingana nayo, ili baharia aliyepata hasara kwa sababu yao afidiwe.

Kwa hiyo hicho alicholipa binamu yangu tokea shilingi ya kwanza kilikuwa haramu. Hakuna kiongozi wa kata, wilaya wala mkoa aliyewahi kumwambia. Lakini majukwaani wanasimama kuhubiri kwamba vijana wachangamkie ajira za nje, ajira za melini, "fursa". Fursa bila taarifa ni mtego. Serikali inayoridhia mkataba ikaufungia kabatini haina tofauti na yule wakala. Yeye amechukua milioni mbili, wao wamechukua sifa Geneva.

Linganisheni na hili. Novemba 2023 safari nyingine ya anasa, ya miaka mitatu, iliyokuwa iondoke Istanbul, ilifutwa siku chache kabla ya kuondoka kwa sababu kampuni ilishindwa kupata meli. Abiria wengine walikuwa wameshauza nyumba au kupangisha. Ni uonevu na nawapa pole kwa dhati. Magazeti makubwa ya dunia yaliandika wiki nzima, kila abiria akahojiwa. Muheza hakuja mwandishi. Mtu aliyeuza nyumba Florida kwa ajili ya meli hewa na mtu aliyeuza michungwa Muheza kwa ajili ya meli hewa wameibiwa ndoto ile ile. Mmoja ana nchi inayomsikiliza, basi.

Na tukiongelea kusikilizwa, tuongelee kufa. Januari 13, 2012, meli ya kitalii ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia. Walikufa watu 32. Nahodha, Francesco Schettino, alihukumiwa miaka 16 jela. Na dunia ikabadili kanuni: siku hizi abiria wanafundishwa njia za kujiokoa kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka, sio kesho yake. Ndiyo maana kwenye zile video mnawaona mashoga wamepanga mstari siku ya kwanza wanaonyeshwa jaketi la kuokolea, wanacheka cheka.

Sisi hatucheki. MV Bukoba, 1996. MV Spice Islander, Septemba 2011. MV Skagit, Julai 2012. MV Nyerere, Septemba 2018, kivuko cha watu 101 ambacho kiliua zaidi ya watu 200 pale Ukara, kikiwa kinakaribia kufika. Kila mara bendera nusu mlingoti, kila mara tume, kila mara "tumejifunza". Ni mkubwa gani mnayemkumbuka kulala jela kwa ajili ya hao watu? Mara ya mwisho ulipopanda kivuko, nani alikuonyesha jaketi liko wapi? Watu 32 waliokufa Ulaya walibadili kanuni za dunia. Mamia ya watu wetu hawajabadili hata tabia ya mkata tiketi.

Halafu meli ya kitalii ikitia nanga Dar au Unguja, utaona. Ngoma bandarini, kiongozi na miwani, mabango, taarifa ya habari. Takwimu wanayotupa ni moja tu: watalii wangapi wamefika. Sasa uliza walilala wapi. Melini. Walikula wapi? Melini, walishalipia. Waliondoka lini? Jioni. Kilichobaki nchi kavu ni ada za bandari, teksi kadhaa, vinyago na safari fupi ambazo nyingi ziliuzwa humo humo melini na kampuni ikakata chake kwanza. Sisemi zisije. Nasema tuoneshwe hesabu ya kilichobaki, sio hesabu ya vichwa.

Maana kuna wenzetu waliokubali kila kitu. Haiti ina ghuba iitwayo Labadee, kaskazini, imekodishwa kwa kampuni ya meli tangu miaka ya 1980. Ina uzio na walinzi. Januari 2010 tetemeko lilipoiangamiza Port-au-Prince, meli ziliendelea kutia nanga Labadee ndani ya siku chache, watu wakaogelea na kuchoma nyama katika nchi iliyokuwa inazika maelfu kwa maelfu. Kampuni ilisema inaleta misaada, na ni kweli ililetwa. Lakini uamuzi kama ufukwe ufunguliwe wiki ile haukuwa wa mvuvi wa Labadee.

Na kuna waliokataa. Venice ilifungia meli kubwa kupita mbele ya mji kuanzia Agosti 1, 2021. Bar Harbor, kamji kadogo jimboni Maine, Marekani, wananchi wake Novemba 2022 walipiga kura: abiria wa meli wanaoshuka wasizidi 1,000 kwa siku. Hawakusubiri waziri. Walipanga foleni, wakapiga kura, kura zikahesabiwa.

Kura, makamanda. Hapo ndipo nilikuwa nataka tufike.

Kuna meli inaitwa The World, iko baharini tangu 2002. Ina nyumba 165, na wakazi wake ndio wamiliki wa meli. Wanaishi humo mwaka mzima au miezi kadhaa, matajiri na marafiki zao, na njia ya meli wanaipanga wenyewe. Wanakaa, wanajadili, wanaamua twende wapi. Nahodha ana madaraka yake, ila hawachagulii maisha.

Nasi? Novemba 2024, uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wetu walienguliwa kwa makundi. Huyu kakosea kujaza, yule fomu haina muhuri wa fulani, mwingine mtendaji kafunga ofisi. Sio urais huo, ni mwenyekiti wa mtaa! Mtu wa kugonga barua ya utambulisho na kusuluhisha ugomvi wa mfereji. Mtu mwenye dola milioni kadhaa anapiga kura meli yake iende Antaktika au Tahiti. Mama muuza mihogo wa Manzese hana kura ya uhakika ya nani atagonga muhuri wake.

Ndiyo maana nasema tatizo letu sio kwamba wao wanakula bata. Tatizo ni kwamba nchi yetu inaendeshwa kama meli ambayo sisi ni sitaha ya chini. Tunafanya kazi, hatuulizwi njia. Bendera tunaipigia saluti shuleni, kumbe bei yake anaijua wakala. Na ukihoji unaambiwa ushuke.

Watatuambia tunakatisha tamaa wawekezaji. Meli hizo zinaenda Ugiriki, Norway na Japani, nchi zenye sheria kali na vyama vya wafanyakazi vyenye meno, na haziachi kwenda. Watatuambia bora ajira ngumu kuliko kukaa kijiweni. Kweli, na binamu yangu angeenda hata kesho. Ndiyo maana tunataka aende na mkataba anaousoma, bila kuuza shamba, akijua akionewa kuna ofisi Dar es Salaam yenye mtu anayepokea simu.

Tunadai mambo matatu, na myabebe haya kwenye kila mkutano. Kwanza, orodha kamili ya meli za nje zenye bendera ya Tanzania, mkataba wa wakala na mapato yake, vyote viwekwe wazi mbele ya Baraza la Wawakilishi na Bunge, pamoja na ripoti ya ule uchunguzi wa 2018. Pili, TASAC na Mamlaka ya Zanzibar wachapishe majina ya mawakala wa mabaharia wenye leseni, mpaka ngazi ya wilaya, na waliotoza vijana washitakiwe na fedha zirudi. Tatu, kila meli ya kitalii inapoondoka, tuambiwe imeacha shilingi ngapi na kwa nani.

Na wewe unayesoma kwa bando la mia tano: usimlipe wakala ada ya kazi ya melini, hata akikuonyesha picha na nahodha. Ulishalipa? Tunza meseji za muamala, andika tarehe, leta kwenye ofisi ya vijana ya chama jimboni kwako. Kundi letu la wanafunzi wa sheria tumeanza kukusanya. Malalamiko ya mtu mmoja yanapewa namba ya kumbukumbu. Ya watu mia moja yanapewa kesi.

Tukutane vikaoni.